Mama yuko chumba cha pili, nani anaamka kumgeuza?

Kikao cha familia siku mama anaporuhusiwa kutoka hospitali huwa kifupi kuliko kinavyostahili. Watu wamechoka, bili imelipwa kwa kuchangishana, na waliotoka mbali wanawahi basi la alfajiri. Hapo ndipo kaka mkubwa anapomgeukia mdogo wake wa kike na kusema maneno ambayo hakuna anayeweza kuyapinga: "Mama anakupenda wewe kuliko sisi wote. Akae kwako."

Kikao kimekwisha. Hakuna aliyeuliza nani ataamka saa nane usiku, nani atanunua pampasi za wakubwa kila wiki, au nani atakaa na mgonjwa siku ambayo mwenye nyumba mwenyewe ana homa. Upendo umetajwa, na kwa kutajwa kwake kazi yote imepata mwenyewe.

Chukua familia ya watoto wanne. Wa kwanza yuko Mwanza, wa pili Arusha, wa mwisho bado anahangaika na maisha na leo yuko huku, kesho kule. Wa tatu, binti, anaishi Mbagala na mumewe na watoto watatu katika nyumba ya vyumba vitatu. Mama yao ana miaka 68 na amepata kiharusi. Upande wa kulia umelegea na maneno yanatoka kwa shida. Kila familia itabadilisha miji na idadi ya watoto, lakini mpangilio unafanana: mmoja anabaki na mama, wengine wanabaki na simu.

Mpangilio huu haukuanza jana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitazama familia kama msingi wa matunzo ya wazee, na jamii nayo inaona hivyohivyo. Kumpeleka mzazi kwenye makazi ya wazee ni jambo ambalo watu wengi hawathubutu hata kulitamka mbele ya majirani. Kwa hiyo hospitali ikimaliza siku za hatari, mgonjwa anarudi "nyumbani", na nyumbani maana yake ni mtu fulani, mara nyingi mwanamke, mara nyingi mwenye watoto ambao bado wanahitaji kufuliwa sare za shule.

Hesabu ya saa 24

Asiyewahi kumuuguza mtu wa kiharusi anaweza kudhani kazi ni kupika uji na kufua mashuka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Ni vizuri uzito wake uhesabiwe.

Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani kwa kawaida anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Hiyo ni mara 12 kwa siku, na nne kati ya hizo zinaangukia usiku. Ngozi inapobanwa muda mrefu kati ya mfupa na godoro inakosa damu na kuanza kufa, na joto la Dar es Salaam pamoja na unyevu wa jasho na mkojo huharakisha mambo. Vidonda vya kulalia huanzia pale mgongo unapoishia juu ya makalio, kwenye nyonga, visigino, vifundo vya miguu, mabega na kisogo. Alama ya kwanza ni sehemu ya ngozi iliyobadilika rangi ambayo haibadiliki hata ikibonyezwa kwa kidole. Kwa mtu mweusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo mkono uguse: sehemu hiyo inaweza kuwa na joto zaidi, au ngumu kuliko ngozi ya jirani.

Ikifika hapo, sehemu hiyo isilaliwe tena mpaka ipone, na isisuguliwe. Kuna imani kwamba kuisugua kwa mafuta kunarudisha damu. Kunachofanya ni kuiumiza ngozi ambayo tayari imechoka. Zile glovu zilizojazwa maji na kuwekwa chini ya visigino nazo hazishauriwi. Kinachosaidia ni mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro kabisa, na mto mwingine katikati ya magoti mgonjwa anapolala ubavu. Familia yenye godoro zuri maalumu inaweza kuruhusiwa na muuguzi kurefusha muda kati ya kugeuza usiku, na hilo ni swali la kuuliza kabla ya kuondoka hospitali, kwa sababu tofauti ya saa mbili na saa nne za usingizi ni kubwa kwa mtu anayepaswa kuamka kwenda kazini.

Halafu kuna chakula. Kiharusi kinaweza kuathiri kumeza, na chakula kikipita njia ya hewa kinaleta nimonia. Mgonjwa analishwa akiwa amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo kidogo, upande wa mdomo ulio na nguvu, na akimaliza anabaki amekaa kwa nusu saa hivi kabla ya kulazwa. Baada ya chakula mtu anachungulia shavu la upande uliolegea, maana tonge huweza kujificha humo bila mgonjwa kuhisi. Kwa baadhi ya wagonjwa maji ya kunywa ni ya hatari kuliko uji mzito, kwa kuwa yanapita haraka kabla koo halijajipanga. Anayekohoa kila akinywa, au ambaye sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, arudishwe kwa wataalamu apimwe kumeza.

Mlo mmoja wa namna hiyo unaweza kuchukua dakika 40. Ni milo mitatu kwa siku, na bado hujafika kwenye kuogesha, kubadilisha, mazoezi ya viungo, dawa za presha kwa saa zake, na safari ya kliniki ambayo ni bajaji kwenda na kurudi pamoja na vijana wawili wa kumbeba mgonjwa kushuka ngazi.

Upendo peke yake haukupi saa zaidi ndani ya siku.

Mama bado yupo

Miezi inapopita, wajibu una tabia ya kumeza kila kitu. Binti anaingia chumbani saa kumi na mbili asubuhi. Anafungua dirisha, anavuta shuka, anageuza, anafuta, anabadilisha, anatoka. Kila kitu kimefanyika sawasawa na kwa wakati. Alichosahau ni shikamoo.

Si kwamba hana adabu, amechoka. Lakini mtu aliyelala pale amesikia mlango ukifunguliwa na kufungwa, na hakuna aliyemwamkia.

Wengi hawajui kwamba mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza maneno mara nyingi anaelewa mengi kuliko anavyoweza kujibu. Wageni wanakuja, wanasimama pembeni mwa kitanda na kumzungumzia kama hayupo: "Anakula? Choo anapata? Maskini, mtu alivyokuwa!" Anasikia. Wengine hupandisha sauti wakidhani hasikii, au wanamsemesha kama mtoto wa chekechea, mwanamke aliyeendesha genge la nyanya miaka 30 na kusomesha watoto wanne kwalo.

Kuzungumza naye kunahitaji vitu vidogo. Televisheni izimwe. Mtu mmoja aseme kwa wakati mmoja. Maswali yawe ya "ndiyo" au "hapana", na baada ya kuuliza mtu anyamaze na kusubiri, muda mrefu kuliko anavyodhani unatosha. Badala ya kuuliza atakunywa nini, aonyeshwe kikombe cha chai na cha uji, achague kwa jicho au kidole.

Jambo moja huleta ugomvi usio na sababu. Mama anayeshindwa kutaja jina la mwanaye anaweza kuimba wimbo wa kanisani mwanzo hadi mwisho, au kusoma Alhamdu bila kukosea. Ndugu wakisikia hivyo wanasema anafanya makusudi. Hafanyi makusudi. Maneno yaliyokaririwa kwa miaka mingi huweza kubaki hata pale uwezo wa kutunga sentensi mpya unapopotea. Kuimba naye si kupoteza muda, na wataalamu wa kurudisha usemi hutumia nyimbo katika kazi yao.

Machozi nayo yana mambo mawili. Wapo wanaolia au kucheka ghafla bila sababu, dakika mbili yamekwisha, na hilo linatokana na ubongo wenyewe kuumia. Wapo wenye sonona, ambayo huwapata karibu theluthi moja ya watu waliopona kiharusi. Huyu hali, halali, anageukia ukutani, anakataa mazoezi. Familia inasema amekata tamaa, au amekuwa mkaidi, na inazidisha kumhimiza. Sonona ina matibabu, na inatakiwa itajwe kliniki kama vile presha inavyotajwa.

Katika nyumba ileile ya Mbagala kuna mtu mmoja ambaye hajapangiwa kazi yoyote na anaifanya vizuri kuliko wote. Ni kijana wa darasa la pili. Katika makabila mengi nchini bibi na mjukuu ni watani, bibi anamwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na ugonjwa haujafuta utani huo. Mtoto anaingia na vumbi la mpira miguuni, anakaa kitandani ambako ameambiwa asikae, na kulalamika kwamba mkewe hajampikia. Bibi anacheka kwa nusu ya uso. Hakuna zoezi la uso la mtaalamu yeyote linalofanywa kwa moyo namna hiyo.

Pale upendo unapoharibu

Wajibu bila upendo unaonekana upesi. Upendo usiotaka wajibu ni mgumu kuuona, kwa sababu unakuja na zawadi.

Shangazi anafika Jumapili na juisi ya parachichi, analia, anamkumbatia wifi yake, kisha anamnywesha akiwa amelala chali kwa sababu "masikini, msimsumbue kumwinua". Usiku mama anakohoa. Kaka wa Arusha anatuma chupa ya mitishamba na ujumbe wa sauti wa dakika tano akieleza kwamba vidonge vya presha vinachosha figo, na kwa kuwa kipimo cha juzi kilikuwa kizuri, aache. Kipimo kilikuwa kizuri kwa sababu ya vidonge. Mtu aliyewahi kupata kiharusi yuko kwenye hatari kubwa ya kupata kingine, na kuacha dawa za presha kiholela ni miongoni mwa njia fupi za kukifikia. Uso ukipinda upya, mkono ukilegea zaidi au maneno yakipotea ghafla, hakuna cha kusubiri asubuhi wala cha kumpa mdomoni, ni kuwahi hospitali.

Mijomba nao wana lao. Wanampenda dada yao, wanamvuta kwa mkono uliolegea ili akae. Bega la mkono huo halina misuli ya kulishika, linaweza kuteguka, na maumivu yake yatadumu miezi. Mgonjwa hushikwa mgongoni na kiunoni. Mkono dhaifu haubebi kitu, unabebwa.

Na binti mwenyewe, mwenye huruma kuliko wote, anakosea kwa namna yake. Anamlisha mama kila kijiko. Mama ana mkono wa kushoto mzima. Akiachiwa kijiko atamwaga uji kifuani, itachukua muda, shuka itachafuka, na baada ya wiki chache atakuwa anakula mwenyewe. Kumfunga kitenge kifuani na kumwacha amwage kunamuumiza binti kuliko kumlisha. Inabidi akae kwenye kiti, mikono yake mapajani, aangalie. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akisema mgonjwa avae blauzi mwenyewe kwa dakika 20, ni dakika 20. Wanaoingia na kusema "jamani, mbona mnamtesa bibi wa watu" waelezwe kwa upole au watumwe dukani.

Msichana wa darasa la saba

Mtoto wa kwanza wa nyumba hii ana miaka 13 na mtihani wa taifa mwaka huu. Hakuna aliyesema rasmi kwamba atamuuguza bibi. Ilianza kwa "nisaidie kushika hapa", ikawa kubadilisha shuka, ikawa kuamka saa kumi alfajiri kwa sababu mama yake ameshindwa kuamka. Mdogo wake wa kiume wa miaka 11 yuko nyumba hiyohiyo na anaamka na jua.

Si vibaya mtoto kushiriki. Wanaokua wakimwona bibi akitunzwa wanajifunza kitu ambacho hakifundishwi darasani, na wengi wanapenda wenyewe kumsomea bibi, kumchana nywele, kumpaka mafuta mikononi, kumhesabia mazoezi. Tatizo linaanza pale kazi ya mtu mzima inapopewa mtoto kwa sababu tu hana sauti kwenye kikao. Kumwinua mgonjwa si kazi ya mgongo unaokua. Kufunga vidonda, kutoa dawa bila mtu mzima na zamu ya usiku si vya kwake. Na zile anazoweza, zigawanywe kati yake na kaka au mdogo wake wa kiume bila kisingizio cha jinsia. Kijana anaweza kupepeta mchele, kumpelekea bibi maji na kukaa naye dada akiwa kwenye masomo ya jioni.

Dalili kwamba mzigo umevuka mpaka kwa mtoto si malalamiko. Watoto wa namna hii hawalalamiki. Ni kusinzia darasani, alama kushuka, kuacha kucheza, au kuwa mwema mno. Mwalimu wa darasa aambiwe kuna mgonjwa nyumbani. Walimu wengi wakijua hupunguza viboko vya uchelewaji na kuanza kuuliza hali.

Aibu ya kuogesha

Kuna suala ambalo vikao vya familia hulikwepa. Mtoto wa kiume anaweza kumwogesha mama yake? Mkwe wa kiume amguse mama wa mkewe?

Kwa familia nyingi jibu ni hapana, na si ukaidi. Kati ya mkwe wa kiume na mama mkwe kuna umbali wa heshima ambao wazee wengine hawakubali uvunjwe hata na ugonjwa, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayeumia zaidi ukivunjwa. Mama aliyefumba macho na kukaza mkono wake mzima akishika kanga amesema anachotaka kusema. Anastahili kuulizwa nani amwogeshe, na jibu lake liheshimiwe hata kama linaharibu ratiba.

Lakini aibu ya kuogesha imekuwa pia maficho. Kaka anayesema "mimi ni mwanaume, siwezi" kuhusu bafu, huishia kutofanya chochote, kana kwamba uuguzi wote uko bafuni. Kumgeuza mgonjwa aliyevaa nguo si kumwogesha. Kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi barazani apigwe na upepo, kumlisha, kupima presha kwa mashine ya nyumbani na kuandika, kukaa foleni ya dawa, kuamka saa nane usiku, vyote hivyo havina mwiko. Baba mwenye nyumba, yaani mkwe, naye anaweza asimguse mama mkwe hata siku moja na bado akawa ndiye anayelaza watoto, kupika ugali wa jioni na kuhakikisha mkewe amelala saa sita mfululizo mara mbili kwa wiki. Na kama kaka wa Mwanza anaona aibu, kuna wanawake wanaolipwa kuja saa moja asubuhi kumwogesha mgonjwa na kuondoka. Malipo hayo ni yake.

Anayeuguza naye ana mwili

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya kuwafuatilia wanandoa wazee kwa takriban miaka minne. Waliokuwa wakimuuguza mwenza na kuelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufariki iliyo kubwa kwa asilimia 63 kuliko wale wasiokuwa na wa kuuguza. Waliouguza bila kuelemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo. Ni wazee wa nchi nyingine, na binti wa Mbagala ana miaka 38, lakini tofauti hiyo inafaa kusomwa mara mbili: kuuguza ni jambo moja, kuelemewa ni lingine.

Kuelemewa hakuanzii kwenye presha ya muuguzaji, japo kunaweza kufika huko. Kunaanzia kwenye ukali. Siku moja mama anajisaidia dakika tano baada ya kubadilishwa, maji ya mgao hayajaja, mtoto mdogo analia, na binti anapiga kelele. Pengine anamgeuza kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Kisha anajifungia chooni na kulia, akiogopa laana, kwa kuwa amelelewa kujua kwamba radhi ya mama ndiyo mali ya mwisho. Hamwambii mtu. Kwenye grupu la familia anaandika, "Mama anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu."

Ujumbe huo ndio tatizo. Ndugu wanaujibu kwa alama za mikono ya sala na kurudi kwenye shughuli zao, na hawana kosa kwa kuamini walichoandikiwa. Anayeanza kumgeuza mgonjwa kwa hasira anahitaji kupumzishwa wiki hiyohiyo, na anahitaji kusema wazi kwa nani: mume, dada, muuguzi wa kliniki, mama mchungaji, ustadhi, yeyote asiyemhukumu. Hana upungufu wa upendo. Ana upungufu wa usingizi.

Ajira nayo haisaidii sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipotungwa mwaka 2004, kifungu cha 34 kilimpa mwajiriwa angalau siku nne za ruhusa yenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki, na pia anapofiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Mzazi anayeugua hakutajwa. Siku za kumzika zilipatikana, za kumuuguza zikaachwa kwa huruma ya bosi.

Hata hivyo sheria hiyohiyo inatoa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Hapa ndipo kaka wa Mwanza na kaka wa Arusha wanapoingia.

Kikao cha pili

Kikao cha kwanza kilifanyika watu wakiwa na hofu. Cha pili kifanyike baada ya wiki nne au sita, kwa simu ikibidi, na mwenye kuuguza asiwe mwenyekiti wake wala mtuhumiwa wake. Aje na hesabu iliyoandikwa ya siku moja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kusoma hesabu hiyo kwa sauti kunafanya kazi kuliko kulaumu. Ndugu wengi hawakatai kusaidia. Wanadhani laki moja wanayotuma kila mwezi inalipia kila kitu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonyesha kitu kingine.

Fedha ihesabiwe, na saa zihesabiwe pia, kwenye karatasi moja. Anayetoa fedha tu atoe ya kutosha kununua saa za mtu: wa kuogesha asubuhi, au wa kulala na mgonjwa usiku mbili kwa wiki. Anayeweza kuja, aje kwenye likizo yake wiki mbili, alale chumba cha mama, na binti aende kwa mashemeji Morogoro na watoto wake au alale tu nyumbani kwake mlango umefungwa. Ni rahisi na salama zaidi kaka kusafiri kuliko kumsafirisha mgonjwa kwa basi saa 16 kwenda Mwanza "ili zamu iwe sawa". Wa mwisho, asiye na kazi ya kudumu, ana kitu ambacho wote wanakosa, muda, na apewe nauli na chakula bila kufanywa mtumwa wa familia kwa sababu tu hana mshahara.

Zamu zitaleta maneno. Mama atamkataa kaka siku tatu za kwanza na kuita jina la binti, kama lipo kati ya maneno yaliyobaki. Binti atasikia kupitia ukuta na kutaka kuinuka. Asiinuke, labda kama kuna hatari. Ataingia saa kumi jioni, bila beseni wala pampasi, akae na mama dakika 20 kama mwanaye, wale chungwa, amweleze ya mtaani.

Kwa anayepokea zamu kuna daftari, la kawaida la kurasa 96 linatosha. Kila ukurasa ni siku moja: dawa ipi na saa ngapi, presha, aligeuziwa upande gani mara ya mwisho, choo, alikula kiasi gani, ngozi ikoje nyonga na visigino. Nyuma ya jalada ziandikwe namba ya kliniki, namba ya dereva bajaji anayejua kumbeba na majina ya dawa kama yalivyo kwenye boksi. Chini yake yaandikwe yale ambayo kaka wa Mwanza hawezi kuyakisia baada ya miaka 15 ya kuishi mbali: kwamba mama hataki tena tangawizi kwenye chai, kwamba taa ya koridoni isizimwe usiku, na kwamba akigonga kitanda mara mbili kwa mkono wa kushoto anataka kugeuzwa atazame dirisha.